Juu wamegawanyika wakali na wapole, wewe wa tawini ufanye nini

Muhuri wa tawi letu ulikaa miezi minne kwenye kabati la vyombo nyumbani kwa mwenyekiti, nyuma ya chupa ya chai ya wageni, kwa sababu yeye alikuwa upande wa "tukae mezani na serikali" na mimi katibu nikahesabiwa upande wa "tuingie barabarani", na kila mmoja wetu anaamini mwenzake akiushika ule muhuri tu basi ataandika barua ya kuwafukuza wengine. Miezi minne! Mwanachama anataka barua ya utambulisho hapati, kijana anataka kadi anaambiwa njoo kesho, na juu huko wakubwa wenyewe walishapatana zamani wanapigiana simu za sikukuu. Chama sitakitaja, wala haina haja, maana hii habari ukiitoa jina inafiti vyama vyote vya upinzani hapa bongo na ukichokonoa vizuri hata chama tawala.

Kwahiyo naandika kwa ajili ya watu wa chini, katibu wa tawi, mwenyekiti wa kata, mweka hazina ambaye hazina yenyewe ni elfu kumi na mbili kwenye simu. Wakubwa wana mawakili, sisi tuna daftari la kaunta na viti vya kukodi.

Kitu cha kwanza kabisa, jua mnagombania nini. Watu wanachukulia kwamba mkali ni mtu mwenye hasira na mpole ni mwenye busara, au ukienda kijiwe kingine utaambiwa mkali ndo jasiri na mpole ni mwoga, yote hayo ni stori za vijiweni. Nimeona wakali watulivu kama maji ya mtungini na wapole wanaorusha viti. Ugomvi hauko kwenye tabia, uko kwenye swali moja: mlango umefungwa kwa ndani, tuendelee kugonga au tusukume? Anayesema tugonge ana hoja, ukisukuma ukashindwa unavunjika bega na walio ndani wanaongeza komeo. Anayesema tusukume naye ana hoja, tumegonga tangu 1992 vyama vingi viliporudi, mpaka vidole vimeota sugu.

Mfano ulio karibu na kila mtu ni CHADEMA, chama kikubwa cha upinzani. Mbowe, mwenyekiti wake wakati huo, katoka gerezani Machi 4 2022, kesi ya ugaidi imefutwa, siku hiyo hiyo yuko Ikulu na Rais Samia, ndo maridhiano yakaanza hapo. Januari 3 2023 mikutano ya hadhara ikaruhusiwa, mwezi huo huo makamu wake Lissu akarudi kutoka Ubelgiji, mtu aliyepigwa risasi 16 Dodoma Septemba 2017. Sasa angalia vizuri: upande wa mezani una kitu cha kuonyesha, mikutano imerudi, watu wametoka ndani. Upande wa pili unauliza katiba mpya iko wapi, tume huru iko wapi. Ule uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, wagombea wanaenguliwa kila kona, ukawapa wakali hoja ambayo hakuna mpole angeweza kuijibu. Januari 2025 pale Mlimani City Lissu akashinda uenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482 za Mbowe. Tofauti ya watu 31. Daladala moja inawabeba wote hao na kondakta akaita tena.

Namba hiyo iandike ukutani ofisini kwenu. Maana yake chama kimekatika katikati kama embe, halafu kuna watu tawini kwako wanaongea kama vile upande wao ni chama na upande wa pili ni wapangaji.

Sasa kikaoni unafanyaje? Usiruhusu mjadala wa "tushiriki uchaguzi au tususie" uende hewani hewani, utakula saa nne na mtatoka mnachukiana. Walazimishe waseme jumatatu asubuhi watafanya nini. Nimejifunza hili kwa mama mmoja anauza mihogo ya kukaanga karibu na stendi, mwanachama wa siku nyingi, kadi yake imelowa mafuta hadi picha haionekani. Kikao kimechafuka, chini ya mwembe wa jirani, vijana wamesimama, mmoja anapiga kelele tutakinukisha, mzee mwingine anasema nyie watoto mnataka kutuulia watu, na mimi naandika muhtasari naacha naandika naacha. Yule mama akanyoosha mkono wenye unga akasema, "Wanangu, mie nataka kuelewa. Tukisusia, jumatatu asubuhi mie naamka nafanya nini? Na nyie wa kushiriki, wakala wetu akitolewa kituoni na polisi kama mwaka ule, mie namjibu nini?" Kimya. Jamani kimya kile. Wale wa kususia hawakuwa na jumatatu na wale wa kushiriki hawakuwa na jibu la wakala.

Tangu siku hiyo nina utaratibu: kila upande unapewa karatasi moja, uandike hatua za wiki nne, nani anafanya, pesa inatoka wapi, na ikifeli tunafanya nini. Robo tatu ya wakali hupotea kwenye mstari wa "nani", na robo tatu ya wapole hupotea kwenye "ikifeli". Wanaobaki ndo wa kufanya nao kazi, na utashangaa wanaelewana.

Haya, tuje kwenye akidi, ile idadi ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali. Najua inachosha lakini hapa ndo vyama vinapofia. Upande ulioshinda ukiwa na furaha ya ushindi unaharakisha kuteua watu wake, mahudhurio hayajahesabiwa, watu wengine wameshapanda basi kurudi mikoani. CHADEMA Januari 22 2025, siku ileile matokeo yametoka, Baraza Kuu likakaa kuthibitisha viongozi wanane, akiwemo katibu mkuu. Mwanachama mmoja akaandika kwa Msajili wa Vyama vya Siasa kwamba akidi haikutimia, Mei Msajili akakubaliana naye na ruzuku ikasimamishwa. Uwe unaamini Msajili alitenda haki au uwe unaamini alikuwa anatafuta sababu, mimi nina mawazo yangu na nitayaacha kwapani, lakini sababu asiipate kwako. Adui akikutafuta usimwachie mlango na funguo juu yake.

Kwahiyo: soma katiba ya chama chako, kipengele cha vikao, mwenyewe, kwa macho yako, usisimuliwe. Kuna vikao vinataka nusu ya wajumbe, vingine zaidi ya hapo. Jua nani ana mamlaka ya kuitisha, siku ngapi kabla, kwa maandishi au kwa mdomo. Kwenye kikao daftari la mahudhurio lisainiwe mwanzo kabla ya sala na kabla ya soda, maana soda zikitoka watu wanaongezeka ghafla. Kila ukurasa mwenyekiti na katibu wasaini chini. Ukimaliza piga picha kwa simu, tuma kwa watu wawili wa kambi tofauti saa hiyo hiyo, sio kesho. Picha yenye saa yake imewahi kutuokoa pale mtu alipokuja na muhtasari wake mwingine, umechapwa vizuri, una maazimio ambayo hakuna aliyeyasikia.

Maneno sasa. Kila kambi ina sumu yake. Wapole wataitwa walamba asali, wakali wataitwa wanaharakati, kwamba hawajui siasa wanajua kelele. Hayo bado ni matani ya uwanjani, mtu anaweza kuyabeba. Linaloua ni moja tu, "kanunuliwa". Ukishasema mwenzako kanunuliwa hamna tena cha kujadili, hoja zake zote zinakuwa risiti. Na ubaya wake hili neno huwa lina ukweli mara nyingine, pesa kweli zinatembea wakati wa uchaguzi wa ndani, tusidanganyane. Sasa kanuni tuliyoweka sisi ni hii: mwenye kusema kanunuliwa alete maandishi, nani, shilingi ngapi, lini, nani aliona, yapelekwe kamati ya maadili, na akishindwa aombe radhi mbele ya kikao kilekile. Mwaka wa kwanza waliyoleta maandishi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa sahihi.

Grupu la watsapu. Ee Mola. Kama unaweza kufanya kitu kimoja tu kwenye haya yote niliyoandika, basi funga grupu la tawi saa tatu usiku. Admini peke yake aweze kutuma mpaka asubuhi. Ugomvi mkubwa wote niliowahi kushuhudia ulianza kati ya saa nne na saa saba usiku, mtu katoka kunywa au kakosa usingizi, anafowadi voisi ya dakika tisa ya mtu asiyemjua akisema kiongozi fulani kaonekana hotelini na fulani. Asubuhi kuna kambi mbili mpya. Na maadmini wawe wawili, mmoja kila upande, hakuna kumtoa mtu grupu bila wote wawili kukubali. Kumtoa mtu grupu siku hizi ni sawa na kumfukuza chama, anajisikia vilevile na ndugu zake wanajua.

Kufukuza chama kwenyewe sasa, hapa tulia kabisa. Nchi yetu haina mgombea binafsi, na ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka anapoteza kiti, ndo maana kadi ya chama hapa ina uzito wa shamba, mtu akifukuzwa anaondoka na mshahara wake, madeni yake ya benki na watu wa jimbo lake. Atapigana. Zitto Kabwe, naibu katibu mkuu wa CHADEMA, alivuliwa vyeo Novemba 2013 kwa ule waraka wa kutaka kubadili uongozi, kufika Januari 2014 kashika zuio la Mahakama Kuu, uanachama wake haukuguswa mpaka Machi 2015. Akina Halima Mdee, wale wabunge 19 wa viti maalum wa CHADEMA, waliapishwa Novemba 24 2020 chama kikisema hakikuwateua, Kamati Kuu ikawafukuza tarehe 27, siku tatu tu. Baraza Kuu likaitupa rufaa yao Mei 2022. Wakaenda mahakamani, na Desemba 2023 Mahakama Kuu ikatengua ule uamuzi wa Baraza Kuu, hoja kubwa ikiwa kwamba waliowahukumu kwenye Kamati Kuu walikaa tena kwenye kusikiliza rufaa. Bunge likaisha wao wamo.

Somo la hapo halihitaji uwe mwanasheria. Mpe mtu mashtaka yake kwa maandishi, mpe siku za kujibu, msikilize hata kama umeshajua utafanya nini, na aliyehukumu mara ya kwanza asionekane kwenye rufaa, hata kumwaga chai asije. Na kama unamfukuza kwa hasira subiri wiki. Sisi tuliwahi kumfukuza mtu jumapili jioni, jumatano tunamtafuta kwa sababu ndiye alikuwa na orodha ya mawakala wa vituo sita, na alikuwa amezima simu, nani angemlaumu.

Uchaguzi wa ndani nitapita haraka kwasababu kanuni zipo kwenye vitabu vya chama. Ila mambo mawili. Kabla ya siku yenyewe waite wagombea wakuu wakae pamoja wakubaliane aliyeshindwa atafanya nini saa moja baada ya matokeo, atasema maneno gani, atasimama wapi. Mbowe alikuwa kaongoza chama tangu 2004, anashindwa kwa kura 31, na kabla matokeo hayajatangazwa rasmi alishaandika mtandaoni kukubali na kumpongeza mwenzake, sisi wengine tukabaki tunaangaliana maana tulishakunywa maji ya vurugu. Jambo la pili ni la aliyeshinda na ndo gumu zaidi. Wiki ya kwanza mtembelee uliyemshinda. Nyumbani kwake. Usimwite ofisini, nenda, kaa kwenye kochi lake, kula utakachopewa, halafu mpe kazi yenye maana, sio "mshauri". Mshauri kwa Kiswahili cha siasa ni mtu asiyepigiwa simu.

Maana wasipopewa kazi wanajipa wenyewe. Aprili 2025 watia nia 55 wa CHADEMA, watu waliotaka kugombea, ndo wakaitwa G55, wakamwandikia katibu mkuu wakipinga msimamo wa No Reforms No Election, yaani bila mabadiliko hakuna uchaguzi, wanataka chama kishiriki uchaguzi. Unaweza kusema wanatafuta ubunge, na labda wapo, lakini mtu aliyejiandaa miaka mitano, kauza ng'ombe, kazunguka jimbo zima kwenye misiba na harusi, ukimwambia hakuna uchaguzi lazima ukae naye chini umweleze zaidi ya mara moja. Siku chache baadaye Lissu kakamatwa kule Mbinga, kafunguliwa kesi ya uhaini, tarehe 12 chama hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ikasema basi hamumo. Mei kundi la akina Salum Mwalimu, Kigaila, John Mrema na Catherine Ruge likatoka, likaenda CHAUMMA, chama kingine cha upinzani, na Mwalimu akaja kuwa mgombea urais wa huko. Mimi nilikuwa na huruma na pande zote mbili na hilo halikunipa marafiki.

Nyumba kuvunjika vipande sio jambo geni kwetu. NCCR-Mageuzi ya 1995, chama cha upinzani, ilipata majimbo 16 ya ubunge, mgombea wake wa urais Augustine Mrema nyuma yake kura zaidi ya robo ya nchi, halafu Mrema na kiongozi mwenzake Marando wakavutana mpaka Mrema akahamia chama cha TLP 1999, na uchaguzi wa 2000 NCCR ikabaki na jimbo 1. Chama cha CUF nacho, mwenyekiti Lipumba kajiuzulu Agosti 2015, kakaa pembeni, 2016 karudi anadai kiti chake, Msajili akamtambua, kesi ikaenda mpaka Machi 18 2019, hukumu ikatoka na siku hiyohiyo katibu mkuu Maalim Seif wa Zanzibar na watu wake wakahamia chama cha ACT-Wazalendo. Shusha tanga pandisha tanga, Zanzibar mabango yakapakwa rangi mpya usiku mmoja. Unajua kwanini ule uhamaji uliwezekana? Kwasababu matawi hayakuvunjika. Watu walijuana, madaftari yapo, mabalozi wao wapo, walibadilisha rangi ya bendera tu. Tofauti ya NCCR na Maalim haikuwa nani mkali nani mpole, huyu huyu Maalim wa kususia uchaguzi wa marudio wa Zanzibar Machi 2016 ndiye Desemba 2020 aliingia kwenye serikali ya umoja wa kitaifa huko kama Makamu wa Kwanza wa Rais, watu wamelia, wengine wamemlaani, lakini wakamfuata. Mkali akifanya mapatano anaaminiwa kidogo, mpole akifanya mapatano yaleyale anaulizwa bei. Sio haki ila ndo ilivyo, kwahiyo kama tawi lako linatuma watu kwenda kuongea na mkuu wa wilaya usipeleke wapole watupu. Peleka na mkali wenu mmoja, yule mwenye sauti, akirudi yeye ndo aeleze.

Mwisho kuna watu wataondoka, hata ufanye vipi. Usiwakimbilie na matusi. Andaa makabidhiano, karatasi moja ya mistari: muhuri, vitabu vya kadi vyenye namba kutoka ngapi mpaka ngapi, daftari la wanachama, bendera na mlingoti, risiti za kodi ya chumba, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu (hii watu wanaisahau na michango yote inaingia humo), funguo, viti. Anayekabidhi asaini, anayepokea asaini, shahidi awe mtu wa mtaa asiye na chama, sisi tulimtumia fundi baiskeli.

Mwenyekiti wetu alihamia chama kingine bila kusaini chochote. Niliandika barua tatu za kudai muhuri, moja ya kwanza nilitumia maneno ambayo sasa nayaonea aibu. Akaja kuuleta siku ya msiba wa yule mama wa mihogo, umefungwa kwenye nailoni ya sukari, tumekaa jamvi moja, akanisogezea chini chini kama mtu anayerudisha deni, akasema "katibu, pedi yake imekauka, nunua nyingine". Nikamwambia asante mzee. Tukaendelea kusubiri jeneza.